Nilimgawa Kaka Yangu Kama Udongo

Sauti iliyonitia hofu kwanza ilikuwa ya kokoto. Mhudumu wa mahali pale wanapochomea maiti alinikabidhi chombo chenye jina la kaka yangu, nikakipokea kwa mikono miwili, na kilipoinama kidogo kitu kikagonga ndani. Nilikuwa nimejiandaa kupokea majivu laini, kama yale ya mafiga ya nyumbani. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mifupa haiishi yote.

Nimekosa. Nalisema mapema, usije ukanihurumia kabla ya kusikia.

Kaka yangu, ambaye hapa nitamwita Festo, alikwenda India kutibiwa figo, nami nilimsindikiza kwa kuwa ndimi pekee nyumbani niliyeweza kuzungumza na madaktari. Alifia huko. Kuusafirisha mwili kulikuwa juu ya uwezo wa ukoo mzima, kwa hiyo nilitia saini achomwe. Kwetu Nyakitonto, huku Kasulu, sijapata kusikia mtu wetu amechomwa. Nilipompigia mama simu kumweleza, hakulia.

"Mmemchoma kama nini?" aliuliza. Kisha akaongeza: "Basi mlete hivyo hivyo. Atalala kando ya baba yake."

Laiti ningetii! Lakini mke wa Festo naye akanipigia kutoka Busunzu, Kibondo, ambako kaka alikuwa amejenga na kulima.

"Wifi, umlete kwake," alisema. "Mahali nimeshapaonyesha, nyuma ya nyumba. Watoto wake wako huku. Kila wakitaka kumsalimia baba yao waombe nauli ya kwenda Nyakitonto?"

Nilimfikishia mama maneno hayo kwa upole wote niliokuwa nao. Akanikata katikati.

"Huyo aliolewa naye, hakumzaa. Ataolewa tena. Mimi nitazaa tena?"

Kwa safari nzima ya kurudi nilikuwa na chombo kile magotini, nikiwaza. Mimi nasomea shahada ya uzamili katika sayansi ya udongo, na nina tabia, ambayo walimu wangu huisifu, ya kutoliacha jambo mpaka nimelipatia mpangilio. Nilijenga hoja hatua kwa hatua. Mwili hauwezi kuzikwa mahali pawili. Majivu yanaweza. Kila mwanamke akiambiwa amepewa nusu, atakataa na kudai nzima. Kila mmoja akiambiwa amepewa majivu yote, atatulia. Kasulu na Kibondo si mbali, lakini mama na wifi hawakuwa watu wa kutembeleana. Hoja haikuwa na ufa. Niliikagua tena na tena, nikaipenda.

Sikujiuliza hata mara moja kama nilikuwa na haki ya kuifikiria!

Kasulu mjini niliingia katika duka la vitambaa kununua sanda. Mwenye duka, mzee mmoja mpole mwenye kofia ya kufumwa, aliuliza anikatie kiasi gani. Nilimwonyesha kwa mikono, kipande kifupi, halafu nikamwomba akikate katikati kiwe viwili.

Alisimamisha mkasi. "Pole sana, binti yangu. Ni watoto mapacha?"

"Ndiyo," nikajibu.

Alinitolea kiti. Aliniletea maji. Aliniombea mapacha wangu kwa Mungu huku machozi yakimlenga, nami nikayanywa maji yale.

Sasa nifike mahali ambapo kalamu inakataa. Kule maabara, udongo ukiwa mwingi kuliko unaohitajika, tuna njia ya kuupunguza bila kupendelea upande wowote. Unaumwaga juu ya karatasi safi, unaurundika kama kichuguu, unaubapaza, kisha unapitisha rula kwa alama ya msalaba ili upate robo nne. Robo mbili zinazotazamana zinakwenda huku, mbili nyingine kule. Ni njia ya haki kabisa.

Nilitandaza karatasi juu ya meza ya nyumba ya wageni. Nikammwaga kaka yangu. Nikamrundika. Nikambapaza kwa kiganja. Nikapitisha rula.

Rula ilikwama katikati, kwenye kipande kimoja cha mfupa kikubwa kuliko vingine. Msalaba wangu ulipita juu yake. Hakikuwa cha robo yoyote! Nilisimama pale na rula mkononi, nikakasirika. Sikuhuzunika, nilikasirika, kama mtu anayeharibiwa kazi. Mwishowe nilikisukuma kwa ncha ya rula upande wa mama, kwa sababu ndiye mkubwa. Nikazifunga nusu zote mbili kwa sanda, kila moja ndani ya kisanduku chake, nikanawa mikono. Ndipo nikaona maji yanayotiririka sinkini yana rangi.

Busunzu nilianza nako, kimya kimya. Nilimwambia wifi asialike watu wengi kwa kuwa mama hajapoa. Alikipokea kisanduku, akakikumbatia, akakipima uzito kwa mikono yake.

"Ndiye wote, wifi?"

"Ndiye wote."

"Mbona alikuwa mtu mkubwa?"

"Moto haubakizi mengi," nikamwambia kwa sauti ya kufundisha. Nilikuwa na jibu kwa kila kitu, jamani!

Alimzika pamoja na majirani wachache. Alimwekea msalaba wa saruji ambao mwanawe wa kwanza, Shukuru, aliuandika jina kwa msumari kabla haujakauka. Wifi alitulia. Nililiona hilo kwa macho yangu, nikajipongeza.

Nyakitonto msiba ulikuwa mkubwa. Mama alikuwa amenunua jeneza la mtu mzima. Alilaza ndani yake suti ya Festo ya harusi, shati limefungwa vifungo vyote, viatu miguuni, na mahali pa kifua akaacha nafasi ya kisanduku. Watu walipita kuaga suti. Wifi alikuja na watoto wake, kama inavyompasa mke, akafuatana na jirani yake mmoja wa kumshika mkono. Nilikuwa nimemsihi kwenye simu aje tu na asiseme neno, nikimdanganya kwamba mama amechanganyikiwa na anataka kuzika nguo. Naye akakubali kumheshimu mama mwenye kufiwa. Ndivyo alivyo.

Jirani hakuwa ameonywa. Alichungulia jeneza, akaona kisanduku, akashangaa kwa sauti kubwa.

"Samahani jamani, mbona huyu tumeshamzika?"

Vilio vilikatika. Mama aligeuka polepole.

"Mmemzika nani?"

"Festo, mama. Kwake, Busunzu. Hata msalaba upo."

Mama alimtazama wifi tangu kichwani hadi miguuni. "Mama Shukuru, umezika nini?"

"Wifi ndiye aliyemleta, mama," wifi alisema kwa sauti ndogo. "Aliniambia ndiye wote."

Mama akanigeukia. "Wewe uliyesoma. Sema mbele ya watu. Mwanangu yuko wapi?"

Watu wote walikuwa wakiningojea. Sentensi moja ya kweli ilitosha, na nilikuwa nayo mdomoni. Lakini niliwaza: nikisema, mama ataanguka, msiba utavunjika, watauliza nilifanyaje, nami nitalazimika kueleza habari ya rula.

"Yuko hapa, mama," nikasema.

"Wote?"

"Wote."

"Na kule Busunzu?"

Sikujibu. Nilinyamaza tu, nikaachia kimya changu kiseme uongo kwa niaba yangu.

"Mmesikia!" mama alipaza sauti. "Huyu mwanamke amezika jivu la maharage, kisha anakuja kula ubwabwa wa mwanangu!"

"Labda ni ugali ulioungua!" mjomba mmoja akadakia, na watu wakacheka. Pale pale, mbele ya jeneza, walicheka! Shukuru alikuwa amesimama ameshika sketi ya mama yake.

"Wifi?" mama yake aliniita. Neno hilo moja tu, bila hasira, kama mtu anayekukumbusha kitu ulichokisahau.

Nilijitia kunyoosha kola ya suti.

Siku ya kunyoa nywele, wafiwa wote walikaa chini mstari mmoja, kila mmoja akisubiri wembe. Wifi alikaa mwishoni na wanawe. Mnyoaji alipomfikia, mama alimzuia mkono.

"Huyu hapana. Hajafiwa na mtu wetu. Aende na nywele zake."

Mwanamke wa watu aliinuka na nywele zake, akakung'uta kanga, akaondoka na watoto. Mimi nilikuwa nimeshanyolewa. Upepo ulikuwa ukinipiga utosini.

Aibu ilifika Busunzu kabla yake. Mtu yeyote aweza kukadiria yaliyomngoja, lakini sikuyakadiria mimi niliyekadiria kila kitu. Kisimani wanawake walimwuliza, "Mama Shukuru, leo umempelekea mume wako kuni?" Wengine walimshauri apalilie vizuri, huenda jivu likaota. Waliosema kwamba alijifanyia kaburi ili ang'ang'anie shamba la kaka walisema hivyo hadi mbele ya watoto.

Nilipopata habari hizo nilikuwa nimerudi chuoni. Unajua nilichofanya? Nilimwandikia ujumbe mrefu wa kumfariji! Nilimweleza kwamba huzuni ina hatua zake, kwamba kukataa ukweli ni hatua ya kawaida, kwamba amruhusu Festo aende. Nilimshauri atafute mtu wa kumsikiliza. Nilihariri ujumbe ule, nikarekebisha alama za vituo, kisha nikautuma. Sijui kama kuna ukatili unaozidi huo: kumwibia mtu kilio chake, halafu kumfundisha namna ya kulia.

Alinijibu kwa sauti, si kwa maandishi. Alianza kwa kunisalimia na kuniuliza habari za masomo. Kisha:

"Wifi, mimi sikuulizi ulichokisema Nyakitonto. Yule ni mama yako. Nakuuliza kitu kimoja. Pale nyuma ya nyumba nimezika nini? Shukuru anataka kung'oa ule msalaba, anasema ni wa bure. Jana nimemkuta na sururu. Nimemwambia angoje nikuulize wewe shangazi yake. Kama ni jivu la jikoni, niambie tu, tung'oe. Kama ni mtu, niambie, nimkataze mtoto asimpige baba yake sururu."

Niliisikiliza nimesimama, tena, na tena. Niliingia maabara, kazi ikanishinda. Kila rundo la udongo lililokuwa mezani nililiogopa.

Wewe unayesoma haya, huenda kesho ndugu yako atarudi akiwa ndani ya chombo. Mambo haya yameanza kutufikia hata sisi wa milimani. Nakuomba, usikae peke yako na chombo hicho ukiwaza. Waweke wenye uchungu mahali pamoja, waache wagombane, watukanane ikibidi, lakini wagombane juu ya kweli. Usimgawe mtu bila wenyewe kujua. Wangejua, huenda wangegawana wenyewe kwa amani. Mimi niliwanyima hata nafasi ya kukataa. Wala usimfariji mtu kwa maneno mazuri ilhali wewe ndiye unayemkanyaga!

Nilimpigia wifi kwanza? Hapana. Nilimtumia maneno machache tu: "Ni mtu. Mkataze mtoto." Aliyestahili kupigiwa ni yule aliyekuwa na nguvu ya kumrudishia jina lake.

Mama alipokea haraka. Alikuwa akipukuchua mahindi, niliyasikia yakianguka kwenye ungo.

"Mama, Festo yuko Busunzu pia. Nilimgawa."

Mahindi yaliacha kuanguka.

"Ulimgawa vipi?"

"Nusu kwako, nusu kwa mke wake."

"Kwa mikono yako?"

"Kwa mikono yangu, mama."

"Na pale mbele ya watu ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Nilitarajia laana, na nilikuwa nimeandaa namna ya kuipokea. Haikuja.

"Kichwa ulikiweka kwa nani?" aliuliza.

"Mama, baada ya moto hakuna…"

"Nakuuliza kichwa. Cha mwanangu. Kiko kwangu au kiko kwa yule mwanamke niliyemfukuza?"

"Sijui, mama."

"Umesoma miaka yote hiyo na hujui."

"Sijui."

Kulikuwa na kishindo, kama ungo umewekwa chini vibaya. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ya mtu mzee sana.

"Busunzu nitakwenda mimi mwenyewe, kwa miguu yangu. Nitapiga magoti mbele ya wale wale majirani zake. Wewe usitangulie kunipangia maneno. Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Basi nikuache upumzike."

"Oya, hapana. Usikate," alisema. "Kaa hapo hapo. Nataka nilie na wewe unasikia."

Nikakaa.