Nchi Mbili za Dorka

Unafiki ndio uovu ninaoushtaki hapa, na kwangu una harufu: harufu ya mapanki, yale mabaki ya sangara yaliyotoka viwandani yakiwa yamevuliwa minofu, yakikaangwa Igogo, mtaa wetu wa Mwanza, katika miaka ile ya soko huria huku minofu yenyewe ikipaa kwenda Ulaya. Uani kwetu, ndani ya moshi huo, wanaume waliotoka Kenya kama baba walikaa kila Jumapili kunywa chai ya mama yangu, Mkerewe, na kumfundisha baba uzalendo. Aliyewaongoza alikuwa mwenyekiti wa chama chao cha kuzikana, mfanyabiashara wa samaki, mtu wa sauti nene na dhamiri nyembamba.

Dada yangu Dorka alikuwa anakaribia miaka kumi na minane. Kwa kuzaliwa Mwanza alikuwa Mtanzania. Kwa baba, Mkenya. Sheria ilimvumilia mtoto kuwa raia wa nchi mbili, lakini mtu mzima ilimtaka achague moja na kuukana uraia wa nyingine kwa kiapo. Dorka, aliyekwisha kupata nafasi katika chuo cha ualimu Butimba, alichagua nchi aliyoijua.

"Binti anayekana nchi ya baba yake hana baba," alitamka mwenyekiti, akichovya andazi letu katika chai yetu. "Akiapa, tunamfuta chamani. Nawe ukifa, asikanyage kaburini."

Baba akanywea. Desturi yake ilikuwa kumwita Dorka "mama", kwa kuwa alibeba jina la bibi yetu, marehemu mama yake baba. Tangu siku hiyo alimwita "wewe". Dada hakuthubutu kuapa bila radhi yake. Akakonda, na chuo kikakaribia kufunguliwa.

Jumapili moja akaingia shangazi, dada mkubwa wa baba, akitokea Kenya kupitia mpaka wa Sirari. Mvi zake zote zilimwinamia Dorka.

"Shikamoo, mama."

Akamgeukia baba. "Mdogo wangu, huyu ni mama yetu. Tangu lini mama akahitaji pasi ndipo awe mama?" Kisha kwa mwenyekiti: "Nawe, juzi nilikuwa nyuma yako kwenye foleni. Upande wa kwetu ulitoa pasi ya Kenya. Ulipovuka ukatoa ya Tanzania. Wewe ulimkana nani?"

Chai ikampalia. "Nyani haoni kundule!" mmoja wao akaangua kicheko. "Meza andazi kwanza, mwenyekiti!"

Baba hakucheka. "Nenda kaape, mama," alisema.

Leo nawasikia wasomi wakijadili uraia pacha kana kwamba ni koti la akiba, la kuvaliwa mvua inaponyesha upande mmoja. Mwenyekiti alilivaa hivyo hivyo, na nchi zote mbili hazikupata kwake mwana. Tulipomzika baba kwao Kenya, Mwalimu Dorka alivuka mpaka akigongewa muhuri wa mgeni, na wanachama wale wale wakanong'ona. Mmoja tu, kikongwe mwenye mkongojo, alimshika mkono, akampitisha katikati yao hadi ukingoni mwa kaburi, akimwita mama kwa sauti ya kusikika na wote: shangazi Turufena.