Flashi Bila Mkanda

Kuna Jumamosi moja ya usichana wangu, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka nasikia joto usoni. Nitakusimulia kwa sababu Jumapili iliyopita ulikuja hapa Buswelu na kile kikamera chako cha zamani, ukaniuliza: "Mama mkubwa, wewe uliwahi kuwa na cha namna hii. Ni kizuri?" Nikakujibu kwamba ni kizuri, tukaenda kula. Jibu lile lilikuwa fupi mno.

Tuanze na kamera yenyewe. Yangu nilipewa na kaka yangu aliyekuwa dereva wa malori, nilipopata kazi ya kufundisha shule ya msingi. Ilikuwa nyeusi, inaenea kwenye mkoba pamoja na leso na kitabu cha nyimbo. Uzuri wake ulikuwa huo. Wapiga picha wa mjini walikuwa na makamera makubwa ya kuning'inia shingoni, na mtu akiyaona alikakamaa kama yuko mbele ya hakimu. Yangu mtu alikuwa hata hajaiona vizuri, tayari nimeshampiga akiwa anacheka. Ilisogeza mkanda wa filamu yenyewe, ikawasha flashi yenyewe. Wewe kazi yako ilikuwa kubonyeza tu.

Ubaya wake nao ulikuwepo. Ilikula betri sana. Ukimsogelea mtu mno, uso wake ulitoka kama unautazama kwenye maji yaliyotibuliwa. Tundu la kuchungulia halikuwa mahali pamoja na lenzi, kwa hiyo nimewahi kukata vichwa vya maharusi wawili na mchungaji wao. Na mkanda ukiisha, kamera ilianza kuurudisha ndani yenyewe kwa mlio wa kukoroma, halafu ikanyamaza. Baada ya hapo ungeweza kuendelea kubonyeza na flashi ikawaka vilevile, mbele ya mtu asiyejua kwamba ndani hakuna kinachoingia. Ubaya huu wa mwisho ndio ulionipata.

Nilikuwa naishi mjini, mtaa wa Mabatini, na kuimba kwaya. Jumamosi hiyo kwaya yetu ilialikwa kwenye ibada ya shukrani ya mavuno katika kijiji kimoja upande wa Magu. Nilikuwa na mkanda mmoja, picha thelathini na sita. Njiani niliwapiga wenzangu wa kwaya wakiwa juu ya gari. Tulipofika nikawapiga wakinawa miguu, wakila miwa, wakijaribu kofia za wazee. Nilijiona mtu mkubwa siku ile. Watu wakaniita "mwalimu wa picha", na mimi nikaitikia.

Ibada ilipokwisha, wenyeji wakaja kwangu familia kwa familia. Nilipiga familia tatu au nne hivi. Kisha akaja mama mzee anayeitwa Bibi Kabula, amevaa kitenge ambacho mikunjo yake ya sandukuni ilikuwa bado inaonekana. Alikuja na kiti cha kukalia na kigoda kidogo cha miguu mitatu. Akakaa kwenye kiti, kigoda akakiweka kando yake, kitupu.

Nikamwambia, "Bibi, tukiondoe hicho, kinaharibu picha."

"Kiache hapo," akasema. "Ni cha Masanja, mwanangu. Aligombana na baba yake kwa ajili ya ng'ombe, akaenda kuvua upande wa Musoma, akakaa hukohuko. Baba yake ameshafariki. Ninataka aone kwamba kigoda chake kipo, na mimi nipo."

Nikainua kamera. Kabla sijabonyeza, nikasikia ule mlio wa kukoroma. Mkanda ulikuwa umejaa kwa picha ya mwisho niliyopiga, na sasa ulikuwa unarudi ndani.

Mwanangu, nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, umekwisha. Lakini nyuma ya yule mama kulikuwa na familia nyingine nne zimejipanga, watoto wamepakwa mafuta wanang'aa, na wenzangu wa kwaya wananitazama. Nikaona haya kwamba mwalimu wa picha ameumaliza mkanda kwa kupiga watu wakila miwa. Nikabonyeza. Flashi ikawaka. Bibi Kabula akapepesa macho, akatabasamu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kunishukuru.

Waliobaki wote nikawawashia flashi. Nikawaahidi kwamba picha zitakuja.

Kule Mabatini alikuwepo mzee mmoja wa Kijita, Mzee Bwire, mwenye studio ndogo ya chumba kimoja. Yeye ndiye aliyekuwa ananisafishia picha. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi nilimpenda kwa sababu hakunicheka kwa kamera yangu ndogo. Alinisafishia ule mkanda, nikagawa picha kwa wenzangu, na mambo ya Magu nikayaweka nyuma. Nilijiambia kwamba wale watu watasahau.

Hawakusahau. Kama majuma matatu baadaye nilikuwa nimesimama kwenye baraza ya studio, nikamwona mwanamke mmoja aliyekuwa akileta mchele mjini kutoka kijiji kilekile. Jina lake Mama Lushinge. Tukasalimiana, akaniambia, "Mwalimu, Bibi Kabula ananiuliza kila nikirudi. Amepata mtu anayekwenda Musoma mwisho wa mwezi, anamjua Masanja hadi nyumbani kwake. Anataka ampe picha aende nayo."

Nikamjibu bila hata kupumua, "Mwambie zipo studio. Mwenye studio anachelewesha, bado hajazisafisha."

"Basi mhimize, mwanangu," akasema, "maana mama yule haumwi lakini amechoka." Akabeba mfuko wake, akaenda.

Nilipogeuka, pazia la mlango wa studio lilikuwa limefunguliwa nusu. Mzee Bwire alikuwa amekaa kwenye benchi lake palepale ndani, anapangusa mikono. Alikuwa amesikia kila neno. Angeweza kutoka akasema mbele ya yule mama kwamba hakuna kazi yangu yoyote iliyobaki kwake. Hakutoka. Alisubiri hadi Mama Lushinge alipopotea sokoni, kisha akaniita.

"Keti. Hizo picha ninazozichelewesha ziko wapi?"

Nikamweleza yote. Katikati ya maneno nilijaribu hata kucheka, nikasema wapiga picha wengi hufanya hivyo watu wakizidi, ni kuwaridhisha tu. Yeye hakucheka.

"Mimi pia nimewahi kumaliza mkanda mbele ya watu," akasema. "Nikawaambia umekwisha. Wengine walinitukana. Matusi yale yaliisha siku ileile." Akaendelea kupangusa mikono. "Mtu akikaa mbele ya kamera yako amekupa uso wake umtunzie. Wewe umeupokea ukautupa, ukaondoka na shukrani zake. Na leo umeongeza jina langu juu yake."

Nikaomba radhi. Akasema radhi yake nimeshaipata, lakini yeye si wa kwanza ninayepaswa kumwomba msamaha. Kisha akafungua droo, akatoa mkanda mpya, akauweka mezani mbele yangu.

"Huu ni wa kule. Usipige mtu wa kwaya hata mmoja. Simama hatua tatu kutoka kwake. Acha nafasi juu ya kichwa, maana hilo tundu lako linadanganya. Na kabla ya kupiga chochote, sema kwanza."

Ninakiri kwako kwamba niliahirisha. Jumamosi ya kwanza nilijisingizia kusahihisha madaftari. Ya pili ilinyesha mvua, nikaishukuru ile mvua. Niliota nimefika pale kijijini, watu wamenizunguka, na mimi nafungua mdomo sauti haitoki. Lakini mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja, na kila nikipita mbele ya studio Mzee Bwire alinisalimia kwa upole uleule, asiulize kitu. Upole ule ulinishinda. Jumamosi ya tatu nikapanda gari la asubuhi.

Nilimkuta Bibi Kabula anapepeta mpunga uani kwake. Nikapiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeleta picha?"

"Sikuleta, bibi. Hakuna picha. Siku ile mkanda ulikuwa umekwisha nikajua, nikaona aibu kusema. Nilikuwashia taa tu. Na aliyebebeshwa lawama za kuchelewesha, yule mzee wa studio, hana kosa lolote. Nilimsingizia."

Akaacha kupepeta. Akaweka ungo chini, na mimi nikawa natazama mikono yake.

"Kitenge kile," akasema mwishowe, "nilikuwa sijakivaa tangu tulipomzika baba yake Masanja."

Machozi yalinitoka, naye hakunikataza kulia wala hakunibembeleza. Baadaye akauliza, "Na wale walionifuata? Nao uliwawashia taa?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi anza na wao. Mimi nitakuwa wa mwisho."

Nilidhani ananifukuza kwa adabu, kumbe alikuwa anamaanisha. Nikaenda nyumba kwa nyumba, zote nne, nikasema maneno yaleyale. Nyumba ya kwanza walicheka sana, wakawaita watoto kutoka kisimani nikawapiga upya. Ya pili walinilaumu, kisha wakanipa maji ya kunywa. Ya tatu, mwenye nyumba alinisikiliza amesimama mlangoni, akasema, "Kwangu usipige tena," akaingia ndani. Nilirudi pale mara mbili miaka iliyofuata, na hakuwahi kubadili neno lake. Nimejifunza kuliheshimu. Kusema kweli kulikuwa kazi yangu, na kusamehe ni hiari yake. Ya nne waliniuliza kama nina njaa.

Niliporudi kwa Bibi Kabula alikuwa ameshavaa. Kitenge kilekile, kimefuliwa na kukunjuliwa. Kiti kipo, kigoda kipo. Nikahesabu hatua tatu kurudi nyuma, nikaacha nafasi juu ya kichwa.

"Ngoja," akasema. "Nitajuaje leo?"

Swali la haki. Nikamwendea, nikamwonyesha kidirisha kidogo cha namba juu ya kamera, nikamwambia akitazame. Nikapiga mti uliokuwa karibu, mlio ukasikika, namba ikasogea.

"Mimi sijui kusoma," akasema, "lakini naona imebadilika."

"Ikibadilika ujue picha imeingia, bibi. Isipobadilika, niite mwongo."

Nikampiga picha mbili. Baada ya kila moja alinyoosha mkono nimpe kamera, akachungulia namba, akairudisha. Ya pili alikuwa karibu kucheka.

Mzee Bwire alisafisha mkanda ule siku nilipompelekea, akaweka kazi nyingine zote kando. Alipoitoa picha ya Bibi Kabula aliitazama kwenye mwanga wa mlangoni, akasema tu, "Hii imetulia." Nikaipeleka Magu mwenyewe siku mbili kabla ya yule msafiri kuondoka.

Kisha hakukuja habari yoyote, mwezi wa kwanza, wa pili. Nilianza kuamini kwamba nimechelewa, kwamba laiti ningesema kweli siku ya kwanza, labda picha ingemfikia yule kijana mapema. Halafu asubuhi moja Mama Lushinge akaja hadi darasani kwangu, akasimama dirishani mbele ya wanafunzi wote.

"Mwalimu," akasema, "Masanja amekuja. Amekuja na mke na watoto wawili. Picha ameiweka kwenye mfuko wa shati, imekunjika kwa kutazamwa. Bibi anakuita uje na kamera."

Wanafunzi hawakujua kwa nini mwalimu wao amekaa chini na kufunika uso. Jumamosi hiyo nikaenda. Niliwapiga wote pamoja uani, na watoto wale wakagombania kukaa karibu na bibi yao mpaka picha ya kwanza ikaharibika. Bibi Kabula aliishi na wajukuu wake miaka kadhaa baada ya hapo. Katika miaka hiyo hakukosa kunikagua namba, hata siku moja, na mimi sikuwahi kuudhika.

Basi, mwanangu, maoni yangu kama mtu aliyekimiliki ni haya. Kikamera hicho ni kizuri. Ni chepesi, hakiwatishi watu, na kitakusaidia kufika mahali ambapo kamera kubwa haifiki. Usiwasogelee watu mno, nunua betri mbili, na usiamini sana lile tundu. Lakini kitafanya kila kitu chenyewe isipokuwa kusema kweli. Hiyo kazi imebaki kwako. Siku utakapoishiwa mbele ya watu, iwe ni mkanda, au ujuzi, au nguvu za kutimiza ulichoahidi, sema umeishiwa. Utaona haya kwa dakika chache. Ukinyamaza, aibu hiyo itakua kila siku, na itawagusa watu wasiohusika. Na kama umeshanyamaza, usidhani mambo yameharibika moja kwa moja. Panda gari urudi. Wapo watakaokufungia mlango, uwaache na haki yao. Wapo watakaokusubiri wamevaa.

Mungu akupe mkono uliotulia na ulimi usiomwogopa mtu. Akupe wazee wa kukukemea faraghani na kukutunzia jina lako hadharani. Na kila atakayekaa mbele yako akikuamini, na aondoke akiwa hajakosea kukuamini.