Gari Lililolala Kichwa Juu

Leo viganja vyangu vinanuka dizeli, na nimeshavinawa mara tatu. Hapa Kibeta, mjini Bukoba, mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi gari langu likagoma. Nikafungua boneti, nikakibonyeza kile kipampu cha mkono juu ya filta mpaka kikawa kigumu, ndipo likawaka. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilikaa nyuma ya usukani nimechoka kama mtu aliyetoka kulima, kwa sababu harufu hiyo, ndugu msomaji, hainipeleki kazini. Inanirudisha kijijini Maruku nikiwa na miaka tisa, bega langu limeegemea pikapu ya Tata.

Tata, yaani baba yangu, alikuwa na pikapu ya dizeli iliyozeeka kabla sijazaliwa. Ilibeba ndizi, kahawa, kwaya ya usharika na wagonjwa wa kijiji kizima. Nyumba yetu ilikuwa kwenye mteremko. Kila jioni Tata aliilaza mbele ya nyumba, kichwa chini kuelekea barabarani, na jiwe mbele ya tairi maana handbreki ilikuwa ya jina tu. Asubuhi iliwaka bila maneno mengi.

Kisha Babu, baba yake Tata, akafariki. Alikuwa amekwenda Muleba kumtembelea shangazi, akashikwa na kifua. Tata alimfuata, akapanda na gari mpaka mlangoni kwa shangazi, juu kabisa ya kilima. Giza lilishaingia na njia ilikuwa imeharibiwa na mvua, wakakubaliana waondoke alfajiri kwenda hospitali Bukoba. Alfajiri gari likakataa. Stata ilizungusha na kuzungusha, injini haikushika, hadi betri nayo ikanyamaza. Wanaume walipofaulu kulisukuma, jua lilikuwa limeshapanda. Babu alikata roho njiani kabla hawajaifikia Bukoba. Msibani watu walisema ni mipango ya Mungu, na Tata aliitikia kwa kichwa.

Tulimzika kwenye kibanja chetu, yaani shamba la nyumbani, chini ya mteremko, pale migomba inapoanzia. Tangu siku hiyo Tata hakulaza tena gari mbele ya nyumba. Alisema hawezi kulielekeza kwa mzee. Jiwe likiteleza, je? Wazee wakamsifu kwa adabu. Akawa analiingiza nyuma ya nyumba, karibu na jiko, ambako uwanja unapanda, na likawa linalala kichwa juu.

Likaanza kugoma kila asubuhi. Tulilirudisha kinyumenyume hadi mbele ya nyumba, tukaligeuza, kisha tukalisukuma mpaka mteremko ulichukue, nalo likapita kaburi la Babu likikohoa moshi mweusi. Kila aliyepita njiani alikuwa na jibu lake. Mwalimu wa shule alisema betri, Tata akabadilisha betri. Mzee wa kanisa alisema plagi za kupasha moto, zikabadilishwa zote nne. Jirani mmoja alisema ni baridi ya Maruku tu, gari linahitaji blanketi, na kwa wiki nzima tukalifunika blanketi langu. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Wahenga hawakuwa na gari la dizeli.

Mimi nilichoka kitoto, yaani nilichoka na kucheka. Aliyechoka kweli ni Mama. Alikuwa amepasuliwa tumbo, na kidonda kilikataa kufunga. Kila Jumatatu asubuhi alitakiwa hospitali, Bukoba, kisafishwe na daktari akitazame. Walimkataza hata kubeba ndoo ya maji. Na kila Jumatatu, ili afike huko, Mama alisukuma gari.

Jumatatu moja, baada ya kumwacha hospitali, Tata alinichukua tukaenda kwa fundi mmoja wa mtaa wa Bakoba, mle mle mjini, mtu mfupi, mpole, asiye na haraka. Gari lilituaibisha. Kila mara fundi alipopiga stata liliwaka mara moja, likanguruma kama halijawahi kukosa maishani. Fundi akaizima injini, akafuta mikono, akauliza jambo ambalo hakuna mtu Maruku aliyewahi kuuliza.

"Huko nyumbani linalala vipi? Kichwa juu au kichwa chini?"

Tata akasema juu. Fundi akaeleza taratibu kwamba mahali fulani, huenda kwenye mpira wa kile kipampu cha mkono, palikuwa panavuta hewa. Kichwa kikiwa juu, dizeli inatoka kwenye filta kidogo kidogo usiku, inarudi kwenye tangi. Asubuhi injini inavuta hewa tupu. Kipampu kingine kingeagizwa Mwanza. Kwa sasa, alisema, tulilaze kichwa chini, hata mtoto huyu ataliwasha.

Tata akauliza swali nililoliona la kipuuzi.

"Na kama lililala kichwa juu siku moja tu?"

"Usiku mmoja unatosha, mzee."

Tata alikaa juu ya tairi kuukuu, akaitazama mikono yake kwa muda mrefu. Tulipoondoka aliniambia haya ya gereji nisimsumbue nayo Mama. Nikatii, nilidhani ni mambo ya magari tu. Jioni ile akaliingiza gari nyuma ya nyumba, kichwa juu.

Kipampu kilichelewa. Tulisukuma Jumatatu ya kwanza, tukasukuma ya pili. Ya tatu, Mama aliachia katikati ya uwanja, akakaa chini taratibu. Kanga yake ilikuwa imelowa tumboni, na si kwa maji. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, mdomo ukafunguka wenyewe, nikasema fundi alishatuambia gari lilale kichwa chini.

Mama hakunitazama mimi. Alimtazama Tata, akamwita kwa jina langu, wala sauti yake haikupanda.

"Baba Koku, mzee ameshapumzika. Mimi bado nasukuma."

Tata alimbeba Mama mikononi, akamweka kwenye kiti cha mbele, akawaita majirani, na siku ile alisukuma akilia mbele yao bila kujificha. Walifika hospitali wamechelewa, lakini walifika. Kidonda kilishonwa upya, na baada ya miezi mingi kikafunga.

Jioni ya Jumatatu ile ile Tata alilaza gari mbele ya nyumba, kichwa chini. Aliweka mawe mawili badala ya moja. Kisha akashuka hadi kwenye migomba, akavua kofia, akasimama mbele ya kaburi. Nilimfuata kwa nyuma, nikamsikia akiomba msamaha kwa Kihaya, mara moja, halafu tena. Nikamwonea huruma, mtu mzima kuomba radhi kwa sababu ya pua ya gari.

Asubuhi liliwaka mara moja. Nilishangilia peke yangu.

Sasa wote watatu, Babu, Tata na Mama, wamelala pale chini ya mteremko, na nikienda Maruku gari langu huwatazama usiku kucha. Miaka yote hii niliamini Tata alimpenda marehemu kuliko mkewe aliye hai, na sikumsamehe vizuri. Leo asubuhi, kipampu kilipokuwa kikikaza chini ya dole gumba langu, nilimsikia tena fundi akisema usiku mmoja unatosha. Ndipo nikaelewa Tata aliogopa kukiri nini kila alipokataa kulilaza kichwa chini, na msamaha ule wa kaburini ulikuwa wa nini. Nikakiona kilima cha shangazi kule Muleba, na gari limepandishwa mpaka mlangoni, kichwa juu, likisubiri alfajiri.