Embe za Mwanapili na Maji ya Mbeya

Mwanapili Usi wa Mpendae alikuwa mpimaji wa maji katika maabara moja huko Tunguu, Unguja, na kwa miaka kumi na tisa hakuna tarakimu yake iliyowahi kurudishwa. Alikuwa na sifa nyingine pia: embe mbichi. Ikifika saa nne hutoka barazani na kisu chake na kikopo cha chumvi na pilipili, akala huku machozi yakimtoka na ulimi ukimshukuru Mola.

Kila mwezi Daktari Mundhir, mtaalamu wa miamba, humletea chupa za maji kutoka chemchemi moja ya maji moto upande wa Mbeya. Mundhir kazi yake ni kupima jinsi ardhi ya kule inavyovutika. Ana vyombo vyake vimechimbiwa kandokando ya chemchemi. Mwanapili hupima kilichoyeyuka majini. Mwaka mzima tarakimu hazikutikisika, mpaka akawa anasema chemchemi ile ina usingizi kuliko paka wa sokoni.

Disemba ikaamka. Chumvi ilikuwa imepanda karibu mara mbili.

Mundhir alipoiona karatasi, alicheka. "Bi Mwanapili, hii chumvi ya embe hii."

"Embe gani?"

"Hizo unazokula. Mkono umeingia chupani."

Badriya, mwenziwe wa meza ya pili, aliinama kuficha kicheko, na kufika adhuhuri habari zimeshaenea jengo zima. Mpishi wa chai alimuuliza kama maji ya Mbeya yanataka na ndimu.

Siku ile Mwanapili hakula embe. Mzaha aliuzoea, kilichomuuma ni kuambiwa kazi yake chafu. Akafungua chupa ya akiba, ambayo haikuguswa na mtu, akapima. Vilevile. Kisha akachota chumvi na pilipili kikoponi mwake, akakoroga kwenye maji safi, akayachuja, akayapitisha mashineni kwa adabu zote. Kwenye kibandiko aliandika: "Sampuli: Embe."

Asubuhi akamwekea Mundhir karatasi zote mezani.

"Soma, Daktari. Chumvi yangu ni chumvi tu. Maji yako yamepanda chumvi, yamepanda lithiamu, yamepanda na boroni. Nioneshe muuza embe anayetia lithiamu."

Mundhir hakucheka tena. Alifungua kompyuta kutazama vyombo vyake, ambavyo, astaghafirullah, alikuwa hajavitazama wiki tatu. Siku nne kabla ya maji kutekwa, ardhi ilikuwa imevutika milimita chache, pamoja na vitetemeko vidogo ambavyo hakuna aliyevisikia.

"Nadhani kumefunguka chini," alisema taratibu. "Ardhi ikivutwa, nyufa zinaachana. Maji ya chini kabisa, yaliyokaa miaka na mawe ya moto yakanywa madini yake, yanapata njia ya kupanda, yanachanganyika na haya ya juu. Ndiyo uliyoyapima."

"Sasa kaseme mbele ya mpishi."

Akaenda kusema, jikoni, watu wote wakisikia, akaomba radhi.

Mwezi wa Juni Mundhir akamchukua kwenda naye Mbeya. Mwanapili, ambaye alikuwa hajavuka Dar es Salaam, alifika chemchemini na makoti mawili mwilini. Maji yalikuwa yakitokota pole pole na kunuka yai bovu. Alichuchumaa, akateka chupa yake kwa mkono wake, kisha akampigia simu mumewe.

"Abrahman, nshafika. Huku baridi ya kuua, na ardhi inachemka. Wallahi sijui nivue koti au nivae la tatu."