Ng'ombe Watano wa Mama

Siku ile tulikuwepo hawa: mjomba Kenyi na mjomba Lemi, kaka zake mama, waliofika kwa pikapu ya kukodi kutoka Midia, baba mdogo Drani, ndugu yake baba, shangazi Onzia, dada yao, wadogo zangu Anguyo, wa miaka kumi na mmoja, na Ayikoru, wa miaka sita, mimi Candiru, kifungua mimba, wa miaka kumi na sita, na mama, aliyelala ndani juu ya mkeka, amefunikwa kitenge chake cha kanisani. Majirani wa Ayivu walijaa uani, lakini hao walikuja kulia na kutazama.

Na palikuwa na harufu. Mama alikuwa ameloweka muhogo kwenye mapipa mawili nyuma ya jiko, kisha homa ikampata, na siku ya tatu akafa. Muhogo ulikuwa tayari kutolewa asubuhi ileile. Hakuna aliyeukumbuka. Kufikia mchana ule uchachu ulikuwa umepita kiasi na kuingia hadi chumba alicholazwa mama, na wanawake walikuwa wakifunika pua kwa khanga huku wakidhani ni mama. Mimi nilijua ni muhogo, na sikumwambia mtu. Leo nafanya biashara ya unga wa muhogo kati ya Arua na Koboko, na kila ninapofunua pipa lililokaa siku moja zaidi, narudi kwenye ua ule.

Niwaeleze kwanza nilikuwa nani. Nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne na nasubiri matokeo. Sanduku langu la bati, lenye jina langu kwa rangi nyeupe, lilikuwa bado limefungwa kama nilivyolileta kutoka bweni. Nilitaka kwenda shule ya uuguzi. Mama alipenda kuniambia, akiwa ameinama shambani, "Wewe utavaa nyeupe." Alisema hivyo hata mbele ya wageni, na mimi nikajifanya kuona haya.

Kaburi lilichimbwa tangu alfajiri. Udongo mwekundu ulikuwa umeanza kukauka juu, na bado hatujazika, kwa sababu wajomba walikaa mlangoni na hawakuondoka.

Baba yetu, aliyekufa miaka minne kabla, alimchukua mama bila kutoa ng'ombe hata mmoja. Walikubaliana watano, akaahidi, akazaa watoto watatu, akafa na ahadi yake. Kwetu mwanamke wa namna hiyo haingii ardhini kimyakimya. Ndugu zake huja kudai kabla ya maziko, na wasipopata kitu, huwachukua watoto. Watu wa baba ni Walugbara na watu wa mama ni Wakakwa. Hawakuelewana lugha, kwa hiyo walibishana juu ya mama kwa Kiswahili chetu cha soko na kambi.

"Sisi hapana kuja kufanya fujo," alisema mjomba Kenyi, mkubwa, mtu wa sauti ya chini. "Dada yetu iko ndani, kaburi iko wazi. Lakini ng'ombe iko wapi?"

"Shemeji, tuzike kwanza," baba mdogo Drani akasihi. "Jua hii kali. Mutu hapana kama mbuzi, ya kungoja bei."

Hapo mjomba Lemi aliruka. Alikuwa mdogo wao, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. "Kungoja? Nani najua kungoja kama mimi? Miaka kumi na saba! Ndugu yako alichukua dada yetu bure kama kuni ya porini!"

Shangazi Onzia hakuwahi kushindwa kwa maneno. Aliinuka kutoka kwa waombolezaji, machozi bado mashavuni, akasimama mbele yake, mikono kiunoni. "Wewe Lemi, kelele yote hii, hata mke hapana iko kwako! Ng'ombe ikikuja, nani atakamua?"

Watu walicheka. Kwenye msiba kicheko hutoka haraka, kama kikohozi. Mimi pia nilicheka. Mjomba Lemi alinitazama, mimi peke yangu kati ya wote, akakaa chini.

Kisha baba mdogo akatoa jibu lake, na nilitambua kwamba alikuwa amelifikiri usiku kucha. "Candiru iko. Shule amemaliza. Mwaka hii au ile nakuja ataolewa, na ng'ombe yake yote itaenda kwenu moja kwa moja, hapana kulala hapa hata siku moja."

"Na kama hapana?" akauliza mjomba Kenyi.

"Itakuwa."

"Mimi nasema, kama hapana, leo sisi nabeba hawa wawili." Akamshika Ayikoru begani, kwa upole kabisa. Ayikoru alikuwa anakula ndizi aliyopewa na jirani. Alimwangalia, akaendelea kula.

Sijui miguu yangu ilisimamaje. Niliingia ndani, nikapita kando ya mama, nikaliburuta sanduku langu hadi miguuni pa mjomba Kenyi. Nikamwambia kwa Kikakwa, lugha ya mama, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili watu wa baba nao wasikie: "Wadogo zangu hawaendi popote. Na mimi siolewi kwa ajili ya deni. Ng'ombe nitalipa mimi, kwa mikono yangu. Shika hili mpaka nimalize."

"Mtoto, wewe najua ng'ombe tano ni nini?"

"Najua."

Sikujua. Lakini neno linalotamkwa kaburi likiwa wazi, kwetu halirudishwi, na mjomba Kenyi alijua hilo kuliko mimi. Aliliinua sanduku kupima uzito, akampa Lemi alibebe, akatoka mlangoni. Tukazika.

Kesho yake nilitoa muhogo kwenye mapipa. Nusu ulikuwa umeoza. Nusu niliumenya, nikauosha mara tatu, nikauanika juu ya mwamba, na Anguyo akafukuza kuku. Ndiyo ilikuwa biashara yangu ya kwanza. Matokeo yalipotoka nilikuwa nimefaulu. Mwalimu alinipa karatasi, akanipongeza, akauliza nitakwenda wapi. Nilimwambia nakwenda sokoni. Alidhani natania. Lakini mama hakukosea sana, kwa maana kila jioni nilitoka kwenye mashine ya kusaga nikiwa mweupe kuanzia nywele hadi kucha.

Ng'ombe wa kwanza alinichukua miaka minne. Mimi na Anguyo tulimsindikiza Midia, na mjomba Kenyi akampokea bila tabasamu, kama mtu anayepokea chake. Wa pili na wa tatu vivyo hivyo. Miaka yote hiyo nilimchukia mjomba Lemi, mwenye kelele, kuliko mjomba Kenyi, aliyetaka kuwabeba wadogo zangu.

Wa nne nilimpeleka mwaka juzi. Mjomba Kenyi alikuwa ameshafariki. Mjomba Lemi alinipokea peke yake, kichwa kimejaa mvi. Mimi ndiye mwanamke, lakini nilikaa kitini huku yeye akipuliza moto, akichambua maharage, akisonga ugali. Hapakuwa na mtu mwingine wa kupika. Sanduku langu lilikuwa kwenye kona, jina bado linasomeka, shati moja limetundikwa juu yake.

"Hii ng'ombe ya mama yako," alisema, akiwa amenipa mgongo, "ilikuwa ya mimi kuoa. Baba alipanga hivyo. Mimi nilitoka shule kama wewe, kulikuwa na msichana ya Lurujo. Alingoja mwaka tatu. Hapana vibaya. Wengine walikuwa na ng'ombe."

Akanipakulia. Nilikula maharage yale yote, nikikumbuka kicheko changu cha siku ya maziko.

Mwaka jana Ayikoru alimaliza kidato cha sita, na akapata nafasi shule ya uuguzi. Baba mdogo Drani alikuja na habari ya mchumba wa Ayikoru, mwenye mifugo mingi. Nilimpa chai, nikamsindikiza hadi njiani. Nyuma ya nyumba palikuwa na mtamba mmoja, mwekundu, niliyemlea mwenyewe awe wa tano. Nilimtazama wiki nzima. Kisha nikamuuza, na Ayikoru akaenda shule.

Nilimpigia mjomba Lemi simu, kwa sababu sikutaka asikie kwa watu. Nilimweleza yote. Nilimsikia akipuliza moto. Baba yangu alipomfanyia vile, angalau hakujua anamnyang'anya nani. Mimi nilijua.

"Mjomba?"

"Mimi iko," alisema. "Somesha mtoto kwanza. Mimi nazoea kungoja."

Amebaki ng'ombe mmoja.