Glasi ya Mabibo Ambayo Baba Yake Hakuigusa

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuona pombe ya mnazi ni kitu kidogo.

Nilitaka kumwoa binti wa Kinango. Kabla sijapeleka wazee wangu, yeye mwenyewe alinishauri nionane na babake, tuwe watatu tu. "Akikupenda, mengine ni mepesi. Mnunulie mnazi, mkae mzungumze."

Mimi ni mhudumu wa mezani katika hoteli moja Diani, na mambo ya divai nimejifundisha kwa video za simu. Mnazi ungenionyesha mimi ni nani? Nikawapandisha Shimba Hills, kwenye shamba lililojificha juu ya kilima, ambako wanatengeneza divai ya mabibo, matunda ya mkorosho, na kuwaonjesha wageni, kila glasi na chakula chake. Njia nzima nilikuwa nikikariri moyoni: glasi hushikwa mguuni, mkubwa huonja kwanza, usimwage.

Mzee alikuja na shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia vizuri. Kisha akainamia sahani.

"Hiki nini?"

"Jibini la mbuzi, baba."

"La mbuzi! Kumbe mimi nakama kila siku halafu maziwa nawapa paka."

Tulicheka sote. Nilidhani nimeshamaliza kazi.

Mhudumu alimmiminia mzee, akaja kwangu, nikaifunika glasi yangu kwa kiganja. Mzee akanitazama.

"Kunywa, mwanangu."

"Hapana, baba. Wewe kwanza. Ndiyo heshima yake."

"Heshima ya wapi?"

Nikamweleza. Nilieleza rangi, nikaeleza harufu, nikaeleza kwa nini mabibo hupatana na chumvi ya jibini. Binti alinipiga teke chini ya meza. Nikadhani nimekaa vibaya, nikanyoosha mgongo.

"Kunywa," mzee alirudia, polepole zaidi.

"Nikikutangulia nitakuwa nimekukosea, baba."

Aliisukuma glasi hadi katikati ya meza. Akaagiza chupa ya maji, akaifungua kwa mkono wake mwenyewe. Jibini hakuligusa, wala nyama ya mbuzi iliyokuja baadaye. Mimi niliendelea kusimulia divai peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa na sikutaka kuruka hata neno.

Kwetu anayekukaribisha kinywaji hunywa kwanza, ujue hakukutilia kitu. Sikuwa mgeni wa jambo hilo. Babu yangu alivuta mrija wa mnazi mbele ya kila aliyekuja kwake, ndipo akampa. Nililijua tangu utotoni, nikaliweka upande wa ushamba, nikafuata video. Mbele ya yule mzee nilikuwa kijana aliyemleta mlimani, mbali na watu, akashikilia kwamba anywe kitu ambacho yeye mwenyewe anakikataa.

Tulipokuwa tunashuka, binti alisema jambo moja tu: "Funda moja. Ungekunywa funda moja."

Wazee wangu walikwenda Kinango hata hivyo. Waliambiwa msichana bado anasoma. Alikuwa amemaliza chuo zamani, na mimi nilikuwepo siku ya mahafali yake, nilimpiga picha.

Sasa ameolewa Taru. Mimi ningali hoteli ile ile, na kule mgeni ndiye anayeonja kwanza. Lakini chumbani kwangu Ukunda, mtu akija nikampa hata maji, nakunywa mimi kwanza.