Mtoaji Alalie Kwanza

Jina la Bi Kinyaa alipewa na watu wa stoo ya misaada, na halikuwa jina la kumsifu. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, na pua iliyofanya kazi kuliko wafanyakazi wote wa ofisi ile. Kwenye karatasi cheo chake kilikuwa mshauri wa sadaka. Waumini wenye nacho, ambao Mungu amewagusa moyo lakini hawajui waanzie wapi, walipanda ngazi hadi chumba chake juu ya duka la rangi, naye akawaelekeza ni nani mwenye shida ya kweli, anahitaji nini, na apewe vipi bila kudhalilishwa. Ukiisikia kazi hiyo utadhani anashinda akinusa uvumba.

Uvumba wapi! Miaka kumi na tisa alishinda akinusa makwapa ya watu.

Maana watu wa dini wanatoa, hilo halina ubishi. Ila wangapi wanatoa na wangapi wanatupa? Bi Kinyaa alishapokea nguo za ndani zilizovaliwa, nakuambia, wala hazijafuliwa, zimefungwa vizuri na utepe mwekundu. Alishapokea meno ya bandia ya marehemu fulani. Kuna familia ilileta miswaki yake yote ya zamani, eti ikichemshwa itawafaa yatima. Na unga wenye wadudu usiseme, mfuko unatembea wenyewe mezani. Halafu kila mmoja akiaga anaweka mkono kifuani na kusema, "Mungu atanilipa." Bi Kinyaa alikuwa akijibu kimoyomoyo, "Akulipe hivyohivyo."

Ndipo akatunga kanuni yake, akaiingiza kwenye fomu, na bila saini yake kwenye fomu hiyo hakuna mzigo uliokwenda kwa maskini kupitia ofisi ile. Kanuni ilisema kwamba chochote unachotoa, kitumie kwanza wewe, mbele ya mshauri. Kama ni nguo, ivae. Kama ni chakula, kipikwe ule. Wengine walidhani utani. Mama mmoja wa pete tano alivishwa sweta alilolileta mwenyewe, akaanza kujikuna kabla hajafunga vifungo. Tangu siku hiyo akimwona Bi Kinyaa kwa mbali anavuka barabara.

Sasa ikatokea sadaka ya magodoro.

Mwenye gesti, tajiri wa nyumba za wageni tatu mjini, alikuwa anatimiza mwaka tangu afiwe na mama yake. Akaja ofisini na machozi ya kweli machoni, akasema anataka kutoa magodoro arobaini kwa nyumba ya wazee, kwa jina la marehemu. Bi Kinyaa nusura aruke kwenye kiti. Katika nyumba ile alikuwamo shangazi yake, dada wa baba, aliyemlea tangu ana miaka minne baada ya mama yake kufariki. Kwa hiyo hakuwa na mama mwingine zaidi ya huyo. Aliondoka kazini siku hiyo akitabasamu peke yake njiani, akimwona shangazi amenyooka juu ya godoro jipya.

Siku mbili kabla ya makabidhiano akaenda kukagua mzigo. Uani nyuma ya gesti lori lilikuwa limeshapakiwa, na bango lenye picha ya marehemu limefungwa ubavuni. Magodoro yalimetameta, kila moja ndani ya nailoni mpya. Mkurugenzi, bosi wake Bi Kinyaa, alikuwa ameshafika, meno yote nje.

"Chana nailoni," Bi Kinyaa akamwambia mpakiaji.

"Dada yangu, si yamefungwa vizuri?" mkurugenzi akasema.

"Chana."

Upande wa juu ulikuwa mzuri. Maua, usafi, huna la kusema. Bi Kinyaa akavaa miwani.

"Pindua."

Mpakiaji akapindua, kisha akarudi nyuma hatua mbili na kuziba pua. Lo! Godoro lilikuwa limekunywa kila kilichowahi kumtoka binadamu. Mkojo wa rangi ya chai, damu iliyokaukia, na kingine cha manjano kilichoganda ambacho sitakitaja kwa kuwa pengine unakula. Kwenye mshono kunguni walikuwa wamejipanga na familia zao. Harufu ikapanda, nzito na yenye chumvi, ikamkaa Bi Kinyaa kooni kama mafuta ya jana. Likapinduliwa la pili na la tatu, yote yaleyale. Haya yalikuwa magodoro ya gesti yenyewe, yametolewa vyumbani kupisha mapya.

"Yana miaka mingapi?"

"Yamekaa kidogo," mwenye gesti akakiri. "Lakini bado yana nguvu. Bonyeza uone."

"Sibonyezi. Lala, mzee wangu."

"Nini?"

"Ulale. Dakika tano tu. Ndiyo kanuni, na umeisoma kwenye fomu."

Mwenye gesti akalitazama godoro, akalitazama shati lake jeupe lililopigwa pasi likasimama. "Mimi? Nilale humo?"

"Si umesema ni mazuri?"

"Ni mazuri kwao."

Bi Kinyaa hakutukana. Alifunga kalamu yake, akairudisha kwenye mkoba, na kila aliyekuwapo akajua maana yake. Mkurugenzi akamvuta kando nyuma ya lori, sauti laini, jasho tele.

"Dada, usinivunje. Huyu ndiye anatulipia pango la ofisi. Watu wamealikwa, picha zitapigwa. Weka saini, mengine tutarekebisha baadaye."

"Wazee wakishaumwa na kunguni, utarekebisha nini?"

"Basi kesho mchana nataka fomu ile mezani. Ikiwa haina saini yako, nitatafuta mshauri mwingine mwenye saini. Tumeelewana?"

Mwenye gesti alikuwa amesikia. Akaja akiwa amekunja uso, na kwa kweli alikuwa ameumia, maana alijiona mtu mwema anayesumbuliwa. "Mama, wewe unakaa ofisini na miwani yako. Umewahi kwenda kuona wale wazee wanalalia nini sasa hivi? Hata siku moja? Haya yangu kwao ni pepo. Nenda ukaangalie ndipo uje kunisimanga."

Kila mwezi Bi Kinyaa alikwenda kule, ndiyo, na matunda na sabuni. Lakini shangazi alikuwa na kawaida ya kumsubiri barazani, amejitanda nguo safi, kiti cha mgeni kimeshapanguswa. Wakae, wacheke, wasengenye ukoo kidogo, aondoke. Bwenini hakuwahi kuingia.

"Nakwenda leo hiihii," akasema. "Na nikirudi utanyamaza."

Alifika alasiri bila kupiga simu. Matroni, mwanamama mwenye mikono mikubwa na maneno machache, akampitisha bwenini kitanda kwa kitanda. Bi Kinyaa aliingiwa na furaha ya chuki, nisikufiche, alipoona hali yenyewe. Magodoro yalikuwa membamba na yamechakaa, lakini yalikuwa safi. Kila wiki yanatolewa juani, foronya zinafuliwa, hakuna mdudu. Akaandika kwa haraka haraka. Pepo gani hiyo anayotaka kuwaletea yule mtu? Angewaletea jehanamu ndani ya nailoni.

"Yote yako hivi?" akauliza.

"Yote, isipokuwa moja," matroni akasema. "La kule kona. Lile hata jua limelishindwa. Nimetaka kulichoma mara tatu, bibi mwenyewe anaweka ngumu. Anasema ni zawadi ya mwanawe."

"Watu wana roho za ajabu," Bi Kinyaa akasema, kalamu tayari. "Nataka jina la huyo mwana."

Wakafika kona. Kitandani alikuwa amekaa shangazi yake.

"Aa! Mwanangu!" Bibi yule akashtuka, akavuta shuka haraka kufunika ukingo wa kitanda. "Si ungeniita nikatoka? Twende barazani, twende, huku kuna joto."

Pua ya Bi Kinyaa ilikuwa imetangulia. Ilikuwa harufu ya zamani, ya nyumbani kwake mwenyewe, nayo haikuwa nzuri.

"Shangazi, hebu simama kidogo."

"Ya nini sasa?"

"Simama, mama."

Matroni akamshika mkono, akasimama. Bi Kinyaa akatoa shuka, kisha maboksi yaliyokunjuliwa na kutandikwa chini ya shuka, tabaka mbili. Likabaki godoro la springi, maua ya kahawia, limebonyea katikati. Akaliangalia. Magodoro ya maua ya kahawia yako mengi duniani, akajiambia.

"Pindua," mdomo wake ukasema wenyewe, kwa mazoea.

Matroni akapindua. Lilikuwapo lile doa, pana, lenye kingo za hudhurungi, la mtoto wa mwisho wa Bi Kinyaa aliyekojoa kitandani mpaka akaanza shule. Pembeni palikuwa na mshono wa uzi wa bluu. Ni yeye aliyeushona, tena kwa sindano ya magunia, siku springi ilipotoboa kitambaa ikamchana mumewe mgongo.

Miaka sita iliyopita walikuwa wamenunua godoro jipya. Mumewe akauliza hili la zamani litupwe wapi. "Litupwe?" yeye akasema. "Na shangazi yupo?" Shangazi hakuwa ameomba. Akalipindua mwenyewe doa liende chini, akalizungushia shuka la kitani lililopigwa pasi, akampa dereva alipeleke. Hakuna fomu, wala aliyemwambia alale dakika tano. Na kabla ya kulala alipiga magoti akamshukuru Mungu kwa kumjalia mkono wa kutoa.

Kumbe ndiyo sababu alijua kusema pindua.

Akavua viatu. "Mama, utachafuka," matroni akasema, lakini alikuwa ameshapanda na kulala chali. Springi ikamchoma chini ya ubavu, nyingine ikamkuta begani. Bonde la katikati likampokea sawasawa, nyonga kwa nyonga, kwa sababu lilikuwa limechimbwa na nyonga hizohizo, zake na za mumewe. Alipovuta pumzi mkojo wa miaka kumi ukamwingia puani. Lakini kilichomtia kichefuchefu zaidi ni mwanamke yule wa shuka la kitani, aliyepiga magoti.

"Unalalaje humu, shangazi?"

"Nalala ubavu huu wa ukutani. Katikati panameza. Ukizoea si kitu." Shangazi akamshika kidole gumba cha mguu, kama alivyokuwa akimwamsha zamani. "Usilie, mwanangu. Ulinipa kwa moyo mzuri."

"Sikukupa. Nililitupa, wewe ukaliokota."

Matroni akajifanya anakunja shuka.

"Najua," shangazi akasema. "Nilijua siku ileile lilipofika. Lakini ulivyokuja mwezi ule ulikuwa na furaha mno, unaniuliza kila saa, shangazi limekufaa? Ningekuambia nini?"

Asubuhi yake Bi Kinyaa alitoa godoro la kitandani kwake mwenyewe, lile zuri, mumewe akibaki amesimama chumbani na mto mkononi kama aliyefukuzwa. Akamtandikia shangazi kwa mkono wake. La zamani akalipakia kwenye pikapu ya kukodi, akaenda nalo moja kwa moja uani kwa mwenye gesti. Mkurugenzi alikuwapo, kalamu mkononi, amejitayarisha kupokea saini.

"Umeona?" mwenye gesti akauliza. "Wanalalia nini?"

"Nimeona."

Akawaambia wapakiaji walishushe godoro lake walilaze chini kando ya lori, doa juu. Akalala juu yake, kwa gauni lake la kazini, mbele ya watu wote, bango la marehemu likiwatazama. Akatoa fomu mkobani, akaisoma akiwa chali, kwa sauti ileile aliyozoea kuwasomea wengine. Jina la mtoaji, akataja lake. Uhusiano na mpokeaji, mwana. Mtoaji amekitumia mbele ya mshauri? Amekitumia leo, baada ya miaka sita. Kinafaa? Hakifai.

"Dada, inuka, unatutia aibu," mkurugenzi akasema.

"Aibu tumeshajitia sote. Mzee wangu," akamgeukia mwenye gesti, "mimi nimemlaza mama yangu humu miaka sita, na nilikuwa namshukuru Mungu kwa kazi hiyo. Nimeanza mimi. Chagua moja kati ya arobaini yako, njoo ulale hapa pembeni yangu. Ukimaliza dakika tano naweka saini."

Mwenye gesti akalitazama lori. Akafungua kifungo kimoja cha shati, watu wote wakabana pumzi. Kisha akakifunga tena. Akainua macho kwenye picha ya mama yake, akayashusha haraka.

"Shusheni," akawaambia wapakiaji, kwa sauti ndogo. "Yote. Na hilo bango litoeni."

Mkurugenzi akaondoka bila kuaga. Magodoro yakaanza kudondoka uani moja baada ya jingine, kila moja likipuliza harufu yake. Wazee wangebaki na yale membamba, na Bi Kinyaa hakujua kama kesho angekuwa na kazi. Aliendelea kulala palepale bondeni. Kunguni mmoja akatoka kwenye mzigo, akavuka ua bila haraka, akapanda mkono wa gauni lake. Akamwona, wala hakumkung'uta.